Kabla Hujaomba Upunguziwe

Mazungumzo ya leo yananihusu mimi mwenyewe, na kwa kuwa sina pa kujificha nitayasema kama yalivyo.

Siku moja nilipita Kariakoo nikamkuta mama mmoja ametandaza vitambaa vya makochi, vya kufuma kwa kroshia. Seti ilikuwa na vitambaa tisa: vitatu vya mgongo na sita vya mikono. Alitaka shilingi 60,000. Mimi nikataja 30,000. Tukavutana, nikajifanya naondoka, akaniita, na mwishowe nikavichukua kwa 35,000. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Mke wangu alivikagua kimoja kimoja, akavigeuza upande wa nyuma, akauliza bei. Nilipomwambia, hakucheka. Aliingia chumbani, akatoka na donge la uzi mnene wa sufu na sindano ya kroshia, ile yenye kichwa cha kulabu. Akasema, "Baba Neema, keti hapa unifumie kimoja tu, halafu ndipo tuzungumze habari za bei."

Ndugu msikilizaji, mimi nimesomea uandishi wa habari, nina stashahada, na nimekaa mbele ya maikrofoni miaka mingi. Nilidhani kipande cha uzi hakiwezi kunishinda. Kumbe kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Somo la kwanza ni kitanzi. Somo la pili ni mnyororo: unazungusha uzi kwenye sindano, unauvuta kupitia kitanzi, unapata kitanzi kingine, na hivyo hivyo. Ni rahisi kusema. Wangu ulikaza kama kamba ya mzigo, hata sindano haikupata pa kuchomeka. Mwalimu wangu akaniambia nilegeze mkono, kisha akaufumua wote. Kufumua ni jambo la sekunde moja, kwa sababu katika kroshia kazi yote hushikiliwa na kitanzi kimoja tu cha mwisho. Ukikivuta, kazi ya jioni nzima inarudi kuwa uzi.

Baada ya mnyororo kuna mishono miwili ambayo ndiyo mama wa mingine. Katika mshono mfupi unachomeka sindano, unavuta uzi, unakuwa na vitanzi viwili, unazungusha uzi na kuvipitia vyote kwa pamoja. Katika mshono mrefu unazungusha uzi kwanza kabla ya kuchomeka. Ukivuta unakuwa na vitanzi vitatu, unapitia viwili, kisha viwili tena. Anayejifunza kwa vitabu ajihadhari: jina ambalo Waingereza wanaupa mshono mfupi, Wamarekani wanaupa mshono mrefu. Nilifuata kielelezo cha Kimarekani kwa maelezo ya Kiingereza cha Uingereza, nikapata kitu ambacho hakuna taifa lingekikubali.

Nilianza kipande cha mraba chenye mishono mirefu 20. Baada ya mistari saba kilikuwa pembetatu, na mishono ilikuwa imebaki 13. Mke wangu alinionyesha kosa. Unapogeuza kuanza mstari mpya unafuma mnyororo wa vitanzi vitatu, na huo unahesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Ukifika mwisho wa mstari unaofuata, ni lazima uchomeke juu ya mnyororo ule. Mimi nilikuwa naupita kila mara kana kwamba haupo. Tangu hapo nilihesabu kwa sauti, na watoto wakaanza kuniitikia.

Duara nalo lina sheria yake. Kwa mishono mifupi unaanza na sita, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24. Kila mzunguko unaongeza sita. Ukiacha kuongeza, kitambaa kinajikunja kuwa bakuli. Ukizidisha, ukingo unajikunjakunja kama rinda. Nilipata bakuli kwanza, halafu rinda, na kitambaa chenyewe baada ya jioni kumi na moja. Nacho kilikuwa cha uzi mnene na sindano ya milimita 5, vifaa vya mwanagenzi. Vitambaa vya makochi ni vya uzi mwembamba wa pamba, kwa sindano isiyofika milimita 2. Kulikuwa na mishono mingi ajabu katika kimoja tu!

Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Uzi wa seti ile, mke wangu alikadiria, si chini ya shilingi 20,000. Kazi, kwa mtu mwenye mkono mwepesi, siku 20 za kufuma baada ya shughuli za nyumbani. Katika 35,000 zangu ukitoa uzi zinabaki 15,000. Gawa kwa siku 20: shilingi 750 kwa siku. Haitoshi nauli ya daladala ya kwenda na kurudi.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya kupotezea wakati tu. Huko Ireland, njaa kubwa ilipoanza mwaka 1845 baada ya viazi kuoza mashambani, watawa waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma kroshia, na nyumba nyingi zilinunua chakula kwa fedha ya sindano hiyo. Na mpaka leo, ingawa mashine zinatoa masweta kwa maelfu, kroshia halisi bado hufumwa kwa mkono wa mtu.

Nilimtafuta mama yule siku tatu. Ya nne nikamkuta. Nikamwomba radhi, nikamtolea 25,000 zilizopungua. Akazitazama, akasema, "Kaka yangu, siku ile nilidaiwa kodi ya chumba, ukasema bei nikakubali. Biashara ile imekwisha. Kama moyo unakusuta, nunua hiki cha meza, wala usiniombe nikupunguzie."

Nilikinunua kwa bei aliyoitaja. Kisha, kwa majivuno kidogo, nikamtolea duara langu mfukoni. Alipitisha kidole ukingoni akihesabu kimyakimya. "Mzunguko wa nne," akasema, "umeruka mmoja."

Ndugu msikilizaji, sisemi watu waache kupatana bei. Soko ni soko. Lakini kabla hujaomba upunguziwe, muuza kitambaa muulize uzi umekwenda kiasi gani na amefuma siku ngapi. Akishakujibu, piga hesabu yako, ndipo utaje bei.

Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo. Kwaheri.