Mwandishi Aliye Ugenini ni Mfanyakazi Mwenzetu

(Maneno aliyosema mwanachama wa reli mbele ya wafanyakazi, Gakoromone, Meru)



Mimi ni mtu wa reli, na reli haifiki hapa Meru. Basi kazi yangu yote nimeifanya mbali na nyumbani. Najua usiku wa ugenini ulivyo mrefu. Lakini mimi, likizo ikifika, napanda basi na kushuka hapa Gakoromone. Leo nawasemea wasioweza kurudi kwao: waandishi wa habari waliokimbia kwa sababu ya kazi yao.

Mwezi wa Mei 2015, huko Burundi, baada ya watu kujaribu kuipindua serikali, vituo vya redio vya Bujumbura vilishambuliwa na kuharibiwa. Waandishi wengi walikimbilia Kigali. Baadhi yao wakaanzisha Redio Inzamba, wakawatangazia ndugu zao. Mwaka 2021 wakuu wa Rwanda wakawaamuru wanyamaze. Kazi yao wakaipoteza mara ya pili.

Ndugu zangu, anyang'anywaye kazi hapotezi mshahara tu. Hupoteza wenzake na heshima yake. Aliyesikilizwa na nchi nzima sasa hana wa kumsikiliza. Hapo usingizi huondoka na moyo huwa mzito.

Wala tusimwambie, "Usiogope, huku ni salama." Arshad Sharif, mwandishi wa Pakistan, aliikimbia nchi yake mwaka 2022. Tarehe 23 Oktoba mwaka huo aliuawa kwa risasi za polisi hapa hapa Kenya, katika kaunti ya Kajiado. Mwaka 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa kuuawa kwake kulivunja sheria. Hofu ya mkimbizi si ndoto.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumwite chai, tumsikilize atakapo kusema, tusimsumbue kwa maswali. Pili, tusitangaze mahali anapolala. Tatu, akifiwa kwao asiweze kwenda kuzika, tukae naye matanga hapa. Nne, tumpe kalamu: gazeti la chama chetu lina kurasa, na kazi ni dawa. Na akikosa usingizi siku nyingi, tumsindikize kwa daktari, si aibu.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda kalamu yake ikatuponya sisi.

Umoja ni nguvu.