Asili na Maana za Neno Mwavuli



Mara nyingi mkutanoni Chama Kikuu huitwa mwavuli wa vyama vya msingi. Neno hilo hutamkwa upesi mno, yafaa lichunguzwe.

Mwavuli, ambao wengine huuita mwamvuli, ni ndugu wa kivuli na uvuli. Asili yake basi ni jua, wala si mvua. Hata neno la Waingereza, waliloazima kutoka Kiitaliano, mzizi wake ni umbra, yaani kivuli kwa Kilatini. Mkulima wa alizeti wa Singida, ambaye mvua zake hukoma Aprili na jua likabaki hadi Novemba, hatalistaajabia jambo hilo.

Baadaye maana ilipanuka. Askari warukao kutoka ndegeni huitwa askari wa miavuli, na chama kikusanyacho vyama nacho kikapewa jina hilo. Hapo ndipo penye hatari. Kivuli cha mti humfikia hata aliyelala. Mwavuli sharti ushikwe. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu, na mazao yakanunuliwa vijijini na mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 iliruhusu viundwe tena. Mwavuli ulifungwa na kufunguliwa, na mpini haukuwa mikononi mwa wakulima.

Kwa hiyo katibu akisoma taarifa kwamba chama “kiko chini ya mwavuli”, mwanachama ana haki ya kuuliza hisa zake humo ni ngapi, na ni nani aliyetumwa kupiga kura katika mkutano mkuu wa Chama Kikuu.