Kutoka Bonasi Hadi Bonasi: Kijana wa Nchi ya Chai Anayetaka Kuacha Kazi Acheze Geimu



Nimepewa mada ya kijana anayetaka kuacha kazi ili acheze geimu za mashindano kutwa nzima, ziwe ndiyo riziki yake. Swali hili limeshafika majumbani mwetu. Kijana ana zamu kiwandani, au kibarua cha kuchuma chai, au anaendesha boda boda ya mtu, na jioni hukaa kwenye kibanda cha PlayStation ambako hakuna anayemweza. Siku moja anawaambia wazazi kwamba kazi anaiacha. Baba anadhani ni kamari, mama anauliza atakula nini, na mazungumzo yanakatika kwa hasira. Nataka tuyafungue upya. Msimamo wangu ni kwamba kijana huyu ana haki ya kujaribu, lakini kuacha kazi liwe jambo la mwisho katika mpango wake. Nchi hii ya chai, Kericho na Bomet, inajua sababu, kwa kuwa imekwisha kulea kazi nyingine ya mashindano, nayo ni riadha.

Tuanze na kazi yenyewe inayoachwa. Kampuni kubwa zilianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, na kwa muda wa karibu karne nzima mzazi aliweza kumwambia mwanawe kwamba kuchuma hakuishi. Leo hawezi kusema hivyo kwa moyo mkunjufu. Mashine moja ya kuchumia huchukua nafasi ya wachumaji wengi, na Mei 2023 hasira ilifika mahali mashine zikachomwa moto mashambani Kericho. Unilever ilikuwa imekwisha kuuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai mwaka 2022, na mwaka 2023 James Finlay ikakubali kuyauza mashamba yake ya hapa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Kwa hiyo tusimkemee kijana kana kwamba anatupa kazi ya kudumu. Mara nyingi anaacha kibarua ambacho msimu ujao huenda kisiwepo. Mzazi asiyekubali ukweli huu hatasikilizwa hata akisema mengine yaliyo sawa.

Sasa riadha. Tunapenda kusimulia kwamba mwanariadha wetu aliacha kila kitu akaenda kukimbia, na vijana wa geimu huitumia hadithi hiyo kujitetea. Historia haisemi hivyo. Wilson Kiprugut wa Kericho ndiye aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 huko Tokyo mwaka 1964, kisha akapata fedha Mexico mwaka 1968. Alikuwa mwanajeshi. Naftali Temu, aliyeshinda mita 10,000 kule Mexico, alikuwa mwanajeshi vilevile. Kipchoge Keino alikuwa polisi. Mshahara uliwalisha, na mwajiri aliwapa nafasi ya mazoezi na ruhusa ya kusafiri. Tena sheria za riadha za wakati ule zilikataza mtu kulipwa kwa sababu ya kukimbia. Mashindano ya Dunia ya riadha yalianza kutoa zawadi za fedha mwaka 1997 kule Athens, miaka 33 baada ya Tokyo. Mabingwa wetu wa mwanzo walikuwa waajiriwa ambao kazi yao iliwaachia nafasi ya kushindana.

Juu ya msingi huo ngazi ikajengwa: mbio za shule, mbio za wilaya, timu za jeshi, polisi na magereza, kambi, mawakala, mbio za barabarani Ulaya na Marekani. Beatrice Chebet, mzaliwa wa kaunti hii ya Kericho, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 5,000 mwaka 2018. Mei 2024 akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 za uwanjani chini ya dakika 29, na miezi michache baadaye akatwaa dhahabu mbili za Olimpiki kule Paris. Kati ya msichana anayekimbilia shule na hayo kuna vidato vingi, na kwenye kila kidato kuna mtu mwenye saa mkononi anayeweza kumwambia ukweli. Akikimbia hapa Kericho kwa muda fulani, muda huo unaeleweka Nairobi na unaeleweka Tokyo.

Kijana wa geimu hana saa hiyo. Anajua tu kwamba amewashinda wote wa kibanda chake. Hili linanisumbua kuliko suala la pesa, kwa sababu mtu anaweza kuwa na kipaji cha kweli akakosa njia ya kukipima, na mwingine akaacha kazi kwa sababu majirani zake ni wachezaji dhaifu.

Kuna tofauti nyingine ambayo wazazi hawaioni na vijana hawapendi kuitaja. Mita 5,000 hazina mwenyewe. Hakuna kampuni inayoweza kuamka asubuhi ikazifuta. Geimu ina mwenyewe, naye huibadilisha apendavyo. Geimu ya kupigana ya Tekken 8 ilipotoka Januari 2024, haikutengenezwa kwa PlayStation 4. Iliyotakiwa ni mashine ya kizazi kipya, kama PlayStation 5, au kompyuta yenye nguvu. Kijana aliyekuwa amejinyima miaka miwili akanunua PS4 ya mkono wa pili alijikuta nje ya mashindano makubwa bila kupigwa na mtu yeyote. Mwaka huohuo wa 2024 ligi ya kimataifa ya geimu ya Overwatch, iliyokuwa na timu za mamilioni ya dola, haikuwepo tena.

Zawadi nazo hupanda na kushuka. Mashindano makuu ya geimu ya Dota 2, The International, yalikuwa na zawadi za zaidi ya dola milioni 40 mwaka 2021. Mwaka 2023 zilikuwa zimeshuka hadi takriban dola milioni 3. Mwaka 2019 kijana wa Marekani mwenye umri wa miaka 16, Kyle Giersdorf, aliondoka na dola milioni 3 katika Kombe la Dunia la Fortnite, na picha yake ingali kwenye simu za vijana wetu. Ni kweli alizipata. Lakini anayepanga maisha kwa picha ile ajue kwamba mwenye geimu ndiye aliyeamua ukubwa wa zawadi, na ndiye anayeamua kama itakuwepo mwaka ujao.

Halafu kuna umbali. Naomba mnivumilie niueleze kwa hesabu, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wazuri wa Kericho huumia bila kujua kinachowaumiza. Katika geimu nyingi za mtandaoni, amri ya kidole chako husafiri hadi kwenye kompyuta kuu ya geimu, kisha jibu hurudi. Kompyuta hizo mara nyingi ziko Ulaya au Uarabuni, au kusini kabisa mwa Afrika. Nuru ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikiwa njia ina urefu wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi huchukua sehemu ya kumi ya sekunde, kabla hujahesabu mitambo yote ya njiani. Geimu za kupigana huchora picha 60 kila sekunde. Katika Tekken, ngumi ya haraka kabisa hutua kwa picha 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Sehemu kubwa ya muda mfupi kama huo huliwa na bahari. Geimu ikiwa na kompyuta kuu Ulaya, mpinzani aliye Paris au Frankfurt anaona pigo likija; wewe uliye Kapkugerwet hapa Kericho unaliona limekwisha kufika. Mazoezi hayawezi kuifuta hasara hiyo. Ongeza siku kama 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora, au usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulipopotea karibu nchi nzima. Mtu aliyeacha kazi kwa ajili ya ligi ya mtandaoni ameikabidhi riziki yake kwa waya ulio chini ya bahari.

Basi tufanye nini? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua linatoka Lahore, Pakistan.

Februari 2019 kijana anayeitwa Arslan Siddique, ambaye wachezaji humwita Arslan Ash, alifika Japani kwa shida, akisumbuliwa na viza na safari ya kuzungukazunguka, akashinda mashindano ya Tekken ya Evo Japan. Wengi walidhani ni bahati. Agosti mwaka huohuo akaenda Las Vegas akashinda Evo yenyewe, mashindano mama, fainali akimpiga Knee wa Korea Kusini, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa katika historia ya mchezo huo. Ulimwengu ukauliza huyu katoka wapi. Yeye alisema kwamba nyumbani Pakistan wako wengine wenye nguvu kama yeye. Knee akafunga safari kwenda kujionea, na kule akapigwa na wachezaji ambao hakuna aliyewahi kuwasikia.

Lahore haikuwa na intaneti bora kuliko yetu. Ilikuwa na vibanda vya geimu ambamo watu walikaa bega kwa bega, skrini moja, pedi mbili, wakipigana mwaka baada ya mwaka mpaka mtu wa kawaida wa kibanda akawa hatari kwa bingwa wa Korea. Wakikaa hivyo umbali wa bahari hauwahusu. Nikitazama kundi lile naona kambi ya wakimbiaji: mtu hawi mwepesi peke yake, anakuwa mwepesi kwa sababu kuna 20 wanaomvuta kila asubuhi. Hilo Kericho na Bomet tunalijua kwa damu. Tatizo letu ni kwamba tumemwacha kijana wa geimu aamini kwamba njia yake ni chumba kilichofungwa, bando la usiku na mashabiki wa mbali.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa vijana ni kuchagua geimu zinazochezwa ana kwa ana, za kupigana au za kandanda, na kukutanisha vibanda. Wa Litein wawafuate wa Kapkatet, wa Silibwet waje Kericho mjini, kisha bora wao waende Nakuru, Kisumu, Eldoret na Nairobi. Vipigo vya safari hizo ndivyo vitakavyokuwa saa yao. Kijana ambaye hajawahi kushindwa na mgeni bado hajajua lolote juu ya kiwango chake.

Wa pili unahusu kazi. Mkenya aliyetufungulia mlango huu, Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani mwaka 2018 kwa sababu ya Tekken. Wakati huo alikuwa akisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na hakuitupa sheria. Binti zetu wamtazame kwa makini, maana kwenye vibanda vyetu msichana akishika pedi hucheka hata mwenye kibanda. Na wavulana watazame kwamba mkataba wa kimataifa ulimkuta akiwa na jambo jingine mkononi.

Ushauri wa tatu ni kwa familia, na hapa lazima tutenganishe nyumba na nyumba. Nyumba yenye chai yake, inayopeleka majani kituoni na kulipwa kila mwezi na shirika la chai la KTDA, halafu bonasi ya mwaka Oktoba, inaweza kumbeba kijana mmoja kwa muda. Nyumba inayoishi kambini kwenye shamba la kampuni haiwezi, kwa sababu kazi ikienda na nyumba inakwenda. Kumwambia kijana wa nyumba ya pili afuate ndoto kama wa nyumba ya kwanza ni ukatili, hata kama tumekusudia kumtia moyo.

Kwa wanaoweza, napendekeza mkataba wa kutoka bonasi hadi bonasi. Oktoba familia ikae chini. Kijana apunguze kazi badala ya kuiacha: zamu chache, au kuchuma asubuhi na kufanya mazoezi alasiri. Aseme atashindana wapi na mara ngapi kabla ya Oktoba ijayo, na familia iseme itachangia nini kwenye nauli. Matokeo yaandikwe, ya kushinda na ya kushindwa. Oktoba ikirudi, kama geimu imeanza kulipa, apunguze kazi zaidi, na akifikia kulipwa miezi kadhaa mfululizo, ndipo azungumzie kuacha. Kama haijalipa, arudi kwenye kazi yake na asichekwe. Kuchekwa huku kumewafanya vijana wengi waendelee na njia iliyokwisha kufungwa, kwa aibu tu ya kurudi shambani mbele ya macho ya watu.

Nitagusa kwa ufupi mambo mawili yanayowaogopesha wazazi. Uraibu upo: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliupitisha katika orodha yake ya magonjwa, na dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuyaacha mengine yote, na kuendelea huku akiona anaangamia. Anayesafiri, anayeshindana na kupumzika, hata kama anacheza saa nyingi, si lazima awe hapo. Na dau: kibanda kikianza kuchezesha watu kwa pesa, kijana mwenye kipaji hugeuzwa kuwa jogoo wa kupiganishwa. Machifu waliopo hapa wavibane vibanda hivyo, na viachwe vile visivyo na dau.

Naomba sasa twende kwenye vikundi vya majadiliano tukiwa na mambo yanayotekelezeka. Mashamba makubwa yana kumbi ambazo siku nyingi hukaa tupu. Chuo Kikuu cha Kabianga na vyuo vya ufundi vina umeme na madawati. Meza moja, skrini mbili na jioni mbili kwa wiki zinatosha kuanzisha kundi. Wawakilishi wa waajiri nao wako hapa, na kwao ninalo swali ambalo jeshi na polisi walilijibu tangu enzi za Kiprugut: nani kati yenu anaweza kubadilisha zamu ili mfanyakazi wake atoke Ijumaa jioni, ashindane Nairobi Jumamosi, na Jumatatu asubuhi aikute kazi yake ikimngoja? Kikundi cha kwanza kianze na hilo.