Nilisikia kwa Pua Yangu

Leo nataka tuzungumze juu ya masikio na macho. Si yale ya kupeleka hospitali, bali yale yaliyojificha ndani ya maneno. Na nitaanzia pale nilipoumbuka mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita niliwahi kuwa mkalimani katika mahakama moja ambayo sitaitaja. Mashahidi walisema kwa Kiswahili, hakimu aliandika kwa Kiingereza, nami nilikaa katikati. Siku hiyo kesi ilikuwa ya kuchoma nyumba moto. Akapanda kizimbani mama mmoja wa makamo, muuza maandazi, jirani wa nyumba iliyoungua. Akaulizwa aliona nini usiku ule. Akajibu: "Sikuona mtu, mheshimiwa. Nilisikia mafuta ya taa, nikatoka nje."

Nami kijana mwenye haraka nikalichukua lile neno "nilisikia", nikaliweka katika neno nililofundishwa shuleni kwamba ndilo kusikia, yaani 'hear'. Sentensi ilipogoma kukaa sawa, maana kwa Kiingereza mafuta ya taa hayasikiki, nikaisaidia kwa kuiongezea "habari za". Basi kwa ulimi wangu mama yule akawa amesikia habari za mafuta ya taa. Wakili wa mshtakiwa akasimama kama aliyechomwa sindano. Huo, akasema, ni ushahidi wa kuambiwa, na usipokelewe! Hakimu akainua kalamu ili aufute.

Mama akanigeukia: "Mwanangu, mbona wanagomba?" Nikamweleza kwamba wanataka kujua ni nani aliyempa habari hizo. Akaja juu: "Nani anipe habari? Nilisikia kwa pua yangu mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko, na kosa likasahihishwa papo hapo. Mimi sikucheka. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, ambayo ilifuata nyayo za sheria ya India ya mwaka 1872, inataka jambo lililoonekana lisemwe na aliyeliona, lililosikika lisemwe na aliyelisikia, na lililotambuliwa kwa hisi nyingine lisemwe na aliyelitambua kwa hisi hiyo. Ona basi balaa lake. Sheria imezigawa hisi moja moja kama mtu agawaye nyama kwa mizani, na lugha yetu inazipika zote katika chungu kimoja. Sisi tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia usingizi, tunasikia uchungu wa jino. Shahidi wa macho meupe, aliyekuwapo na aliyenusa, nusura niufute ushahidi wake kwa neno moja la darasa la tano.

Tangu siku hiyo nikaanza kuyachungulia maneno ya Waingereza kwa jicho la shaka, nikagundua kuwa nao hawatupiti sana kwa unyofu. Lichukue hilo hilo la kusikia. 'Hearing' ni uwezo wa sikio, lakini pia ni kikao cha kesi. Hapo angalau tunakutana, maana hata sisi kesi zetu husikilizwa. 'Audience' ni watu wanaosikiliza, kwa kuwa asili yake ni neno la Kilatini la kusikia. Hata hivyo wanaokwenda sinema kukodoa macho nao huitwa hivyo hivyo. Na lipo 'audit'. Zamani huko Uingereza hesabu zilisomwa kwa sauti mbele ya mtu aliyekaa kuzisikiliza, kwa hiyo mtu huyo akaitwa msikilizaji. Leo anakaa na makaratasi na kompyuta, wala hasomewi chochote, lakini jina limebaki. Sisi tukamwita mkaguzi, mtu wa macho. Kazi ni moja: wao wanaifanya kwa sikio, sisi kwa jicho.

Hata neno lao la kutii, 'obey', ukilifuata hadi shinani kwenye Kilatini, utakuta sikio limelala humo ndani. Mama wa Kiswahili anapolalamika kwamba mtoto wake hasikii, hana maana kwamba mtoto ni kiziwi. Na asiyesikia la mkuu tunajua huvunjika nini.

Tukija kwenye kuona, huko ndiko kwenye msitu mnene. Mwingereza ukimweleza jambo akakujibu 'I see', usigeuke kutazama ni kitu gani alichokiona, ameelewa tu. Kijana akiandika nyumbani kwamba anam'see' binti fulani, wazazi waanze kuuliza habari za ukoo. Askofu naye ana 'see' yake, lakini hiyo haihusiani na macho hata kidogo; imetoka kwenye neno la Kilatini la kiti. Maneno mawili yamekutana njiani yakavaa kanzu moja.

Linalonikera kuliko yote ni 'oversight'. Neno hili ni usimamizi, na neno hili hili ni kosa la kupitiwa, la kutoona lililokuwa mbele ya macho. Kamati ya Bunge inayosimamia matumizi ya fedha za umma hufanya 'oversight'. Karani aliyesahau kuandika sifuri moja naye amefanya 'oversight'. (Wapo watakaosema kamati nyingine huzifanya zote mbili kwa pamoja, lakini hayo tuyaache.) Nimewahi kuona barua ya kiofisi yenye neno hilo ikitafsiriwa kwamba hasara ilitokea "kwa sababu ya usimamizi", ilhali mwandishi alikuwa anaomba radhi kwa kupitiwa. Meneja aliyeisoma alidhani anashitakiwa.

Lakini na sisi tusijitie usafi. Kwetu "naona" ni kutazama, na pia ni kudhani. Tunaona haya, tunaona kiu. Ukiongeza herufi moja tu, kuona kunakuwa kuonea, na mtu akisema "askari amenionea" hazungumzii macho ya askari, anazungumzia dhuluma. Mkalimani mgeni asiyejua hilo atamtoa mlalamikaji mikono mitupu.

Nayataja haya kwa sababu mambo yamegeuka. Mwaka 1967 sheria ile iliandikwa kwa Kiingereza, nasi tukahangaika kuwaingiza mashahidi wetu humo. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria, na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo mzigo sasa unabebwa kutoka upande wa pili: ni wale 'hearing' na 'oversight' wanaotakiwa kuja kwetu. Hati ya benki inayolipwa 'at sight' haina budi kuwa hati inayolipwa mara inapoonyeshwa. Wosia wa mtu wa 'sound mind' usije ukawa wosia wa mtu mwenye akili ya sauti! Hiyo 'sound' ya uzima ni ya ukoo wa lugha za Kijerumani, na ile ya sauti ni ya Kilatini. Zimefanana sura tu, kama askofu na macho. Ningependa wanaofanya kazi hiyo ya kutafsiri wasiwe na haraka niliyokuwa nayo mimi, na wawe na watu wa kuwauliza, hasa watu wa mitaani ambao hawajasoma kamusi yoyote.

Yule mama nilimpitia siku ya pili yake asubuhi, kwenye kibanda chake, ili nimwombe radhi. Hakutaka hata kunisikiliza. Alikuwa anakoroga unga. Akachukua andazi moja la moto, akalifunga kwenye kipande cha gazeti, akaninyoshea.

"Chukua mwanangu. Lisikie kama iliki imekolea."

Nikalisikia. Ilikuwa imekolea.