Maji, Misuli na Kano: Neno kwa Akina Mama wa Mingoyo



Nimeombwa kusema juu ya afya, na nimechagua kuogelea. Najua wako watakaocheka, kwani katika mkusanyiko huu mna akina mama waliozaliwa karibu kabisa na mkono wa bahari ambao hawajapata kulowesha zaidi ya vifundo vya miguu. Mimi nilikuwa mmoja wao hadi nilipotimiza miaka 53.

Mwaka huo, usiku wa tatu wa Navratri, nilishindwa kuendelea na garba. Kisigino kiliniuma kana kwamba kimechomwa mwiba, na asubuhi nilishuka ngazi kinyumenyume kama mtoto. Muuza dawa mmoja aliniambia kwamba ni uzee, akanipa vidonge. Haukuwa uzee mtupu.

Mwanamke anapokoma hedhi, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, ovari huacha kutoa estrojeni kwa wingi. Wengi tunaijua homoni hiyo kwa habari za uzazi, na kwa lile joto la ghafla linalotuamsha usiku. Lakini misuli na kano nazo huitegemea. Ikipungua, misuli hujijenga kwa taabu zaidi baada ya kazi, na nguvu huanza kututoka. Kano, yaani zile kamba ngumu zinazofunga misuli kwenye mfupa, zimesukwa kwa nyuzi za kolajeni. Nazo huchelewa kujitengeneza zikichanika kidogo kidogo. Iliyo nene kuliko zote ipo nyuma ya kisigino, na ndiyo iliyonitoa katika garba. Watafiti wamewaondolea panya majike ovari ili kuiga hali hii, kisha wakawaogelesha kwa wiki kadhaa na kuwalinganisha na wenzao waliokaa bure. Panya si binadamu, lakini swali lao ni letu: je, kazi ya mwili inaweza kuziba sehemu ya pengo lililoachwa na homoni? Kwa misuli, jibu ni ndiyo, hata kwa mwenye miaka 70.

Kwa nini basi maji? Maji yakifika kiunoni, miguu hubeba takriban nusu tu ya uzito wetu. Yakifika kifuani, hubeba kama theluthi. Goti bovu hupumzika. Wakati huohuo maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, kwa hiyo kila mkono unaoyasukuma unafanya kazi, wala hakuna kishindo cha kuiumiza kano. Kano hupenda mzigo unaoongezwa polepole. Huchukia kulazwa kitandani, na huchukia kushtukizwa usiku tisa mfululizo baada ya mwaka mzima wa kukaa dukani.

Nisiwadanganye, hata hivyo. Maji yanayotubeba hayaipi mifupa kazi ya kutosha, na mifupa nayo hudhoofika baada ya hedhi kukoma. Anayeogelea bado anahitaji kutembea, kupanda ngazi, kunyanyua ndoo, na kucheza garba. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi.

Mtaniuliza: tuogelee wapi, na kwa vazi gani? Si hapa Mingoyo, penye tope, mizizi ya mikoko na mkondo unaovuta maji yanapokupwa. Twende fukwe za Lindi, siku za maji mafu, wala si za bamvua. Kuhusu vazi, kule Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamefunikwa mwili mzima, na walimu wao ni wanawake. Stara haijawa kizuizi kwao. Kwetu imekuwa kisingizio. Na tuwaombe msaada majirani zetu wanaovua uduvi kwa tandilo. Miaka yote tumenunua uduvi wao tukipunguza bei, bila kuwauliza wanajua nini juu ya bahari hii.

Tutaanza kwa kutembea ndani ya maji ya kifuani, dakika kumi, wawili wawili, bila mtu kuingia peke yake. Mwenye ugonjwa wa moyo au kifafa amwone daktari kwanza. Ninaiomba Kamati itupatie gari moja, na kijana mmoja hodari wa kuogelea atakayesimama ufukoni na kamba na boya.

Mwezi ukifika nusu tutakwenda, asubuhi, maji yakiwa yanajaa. Anayetaka kuandikwa anione baada ya prasad. Kalamu na daftari ninavyo, na majina mawili ya kwanza ni langu na la dada yangu, ambaye bado hajaambiwa.