SANTURI ILIYOTAMKA UHURU

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi.)



Leo sikuja kuzungumza habari za ada wala kadi. Nimekuja na habari za santuri moja. Najua wako watakaonong'ona, "Santuri na siasa, wapi na wapi?" Nawaomba mnivumilie kidogo, kisha mtahukumu wenyewe.

Mwezi wa Novemba mwaka 1960, katika mji wa New York, walikusanyika wapigaji wa jazi zaidi ya 20. Mkubwa wao alikuwa Bwana Randy Weston, mpiga piano, mtu mweusi aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1926. Baba yake alimlea akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Muziki ulipangwa na Bibi Melba Liston, fundi wa tromboni, na maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes.

Sasa tazameni vyombo vyao. Upande mmoja palikuwa na tarumbeta, tromboni, saksafoni, filimbi, gitaa na piano, vyombo vya Kizungu. Upande wa pili palikuwa na ngoma za Bwana Babatunde Olatunji wa Nijeria. Pamoja naye walikuwapo Candido na Armando Peraza wa Kuba, kisiwa ambako ngoma za Afrika zilivuka bahari pamoja na watumwa, wala hazikuzama. Ngoma hizo hazikuwekwa nyuma kama pambo. Zilipewa nafasi ya kusema, na matarumbeta yakaitikia.

Jina la santuri hiyo ni Uhuru Afrika, na sehemu yake ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza. Bwana Weston alitaka lugha ya Kiafrika ya kubeba kazi yake. Akawauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, nao wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Sauti inayotamka shairi la Hughes kwa Kiswahili ni ya Mtanganyika, Bwana Tuntemeke Sanga. Fikirini, ndugu zangu! Mwaka ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, lakini Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa mbali kwa zaidi ya mwaka mzima. Lugha ilitangulia kufika kabla ya bendera.

Mwaka 1964 serikali ya Makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo. Serikali yenye bunduki na magereza ikaogopa sahani ya kuchezea muziki! Lakini si ajabu. Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi, wakaandamana kwa ngoma. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuwakataza watumwa ngoma. Mdhalimu huijua nguvu ya ngoma mapema kuliko mwenye ngoma.

Sisemi kwamba santuri ndiyo iliyoleta uhuru. Uhuru uliletwa na watu, wengine wao walifungwa na wengine walikufa. Nasema kwamba mtu anayeona haya kwa sauti yake mwenyewe, hata akipewa bendera, ataipeperusha huku ameinamisha kichwa.

Na sisi je? Wako kati yetu wanaofurahi mtoto akijifunza piano, lakini akishika ngoma humwambia anacheza ushenzi. Neno hilo tulifundishwa na nani? Mwenye kutufundisha amekwisha kwenda zake, na neno lake tumelibakiza nyumbani kama mgeni asiyeaga.

Wako na wengine wanaosema tutupe kila cha Mzungu. Hao nao siwafuati. Bwana Weston hakutupa piano yake. Aliipiga mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2018. Piano haikumfanya Mzungu, wala ngoma haikumrudisha nyuma. Jambo kubwa ni kujua ni nani mwenye nyumba na ni nani mgeni.

Basi, naomba jambo moja. Kila tawi limtafute mzee mmoja anayejua ngoma za kwao, limkalishe na vijana kabla hajatutoka. Mwenye gitaa aje na gitaa lake, asikilize kwanza, kisha aitikie.

Uhuru!