Ghorofa limesimama juu ya nini?

Siku hizi mtu wa Geita au Shinyanga akipata fedha za dhahabu, mpunga au choroko, haridhiki tena na nyumba ya bati. Anajenga ghorofa. Chini fremu za maduka, juu vyumba vya kupangisha. Si vibaya. Viwanja vya katikati ya mji ni haba, na kwenda juu ni nafuu kuliko kumeza mashamba ya pembezoni.

Wasiwasi wangu uko chini. Udongo mweusi wa mbuga, ambao watu wa Shinyanga wanaujua, huvimba masika na kupasuka kiangazi. Humo hata nyumba ndogo isiyo na msingi wa maana hupata nyufa. Sembuse ghorofa nne!

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa chache kuliko hizo. Novemba 16, 2024, likaanguka jingine Kariakoo, hili likiwa na maduka na watu ndani. Waliokufa walizidi 20. Majirani walieleza kuwa chini yake watu walikuwa wakichimba kuongeza nafasi ya biashara.

Kuchimba chini ya kitu kizito! Hapo wachimbaji wetu wadogo wangeweza kuwa walimu. Mchimbaji makini hashuki kwenye duara kabla ya kuyatazama matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisiporomoke. Anajua udongo hauna urafiki. Januari 2017, wenzake 15 walifukiwa mgodini Nyarugusu, wakatolewa hai baada ya siku kadhaa.

Lakini mtu huyo huyo akija mjini kupanga chumba ghorofa ya tatu, huuliza kodi, maji na umeme, basi. Nguzo haziulizi. Na hata akiuliza, nani atamjibu? Dalali?

Naziomba halmashauri zetu jambo moja. Kile kibao kinachowekwa wakati wa ujenzi kisiondoke na mafundi. Kiwepo cha kudumu mlangoni, kikionyesha namba ya kibali, jina la mhandisi aliyesajiliwa na idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa. Mpangaji atasimama barabarani, atainua macho na kuhesabu. Zikizidi, ofisi ya halmashauri si mbali.